Bwawa la Maji ya Kunywa na Njia ya Samaki: Somo kwa Walinzi wa Vyanzo vya Maji Mgori

Na Mwandishi Wetu, Singida

Katika mikoa ya kanda ya kati, ambako mvua hunyesha kwa miezi michache na mito mingi hubaki mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, bwawa la maji ya kunywa ni mradi unaosubiriwa kwa hamu. Kwa mwananchi wa Mgori, katika Wilaya ya Singida, tuta linalozuia maji ya mvua maana yake ni ndoo inayojazwa karibu na nyumbani mwezi wa Septemba, badala ya safari ya kwenda kufukua mchanga wa mto. Hakuna anayeweza kubeza manufaa hayo.

Hata hivyo, tuta lilelile linalohifadhi maji hukata mto vipande viwili. Chini ya tuta maji hupungua, na samaki waliozoea kupanda mto ili kuzaliana hukuta ukuta. Athari hiyo haionekani siku ya uzinduzi. Huonekana baada ya miaka kadhaa, pale wavuvi wanapoanza kuuliza samaki wamekwenda wapi, na pale gharama ya kurekebisha inapokuwa kubwa mara nyingi kuliko gharama ambayo ingetumika wakati wa usanifu.

Makala haya yanaeleza namna bwawa linavyoathiri samaki wanaohama, namna nchi nyingine zilivyorejesha samaki hao bila kuharibu maji ya kunywa, na mambo ambayo mwananchi ana haki ya kuyauliza pale mradi wa bwawa unapoletwa katika eneo lake.

Samaki wasafiri

Si kila samaki huishi na kufa mahali alipozaliwa. Mfano unaofahamika zaidi duniani ni samoni wa Bahari ya Pasifiki. Samaki huyu huanguliwa katika changarawe za mto wenye maji baridi, huteremka hadi baharini akiwa mdogo, hukaa huko kwa miaka kadhaa, kisha hurudi katika mto uleule aliozaliwa. Wataalamu wameonesha kwamba anapokaribia huitambua njia ya kwao kwa harufu ya maji. Akishataga mayai, hufa, na mwili wake hugeuka lishe ya wadudu, ndege na miti ya kandokando ya mto.

Samoni hapatikani kwa asili katika mito ya Afrika Mashariki, lakini wasafiri wengine wapo. Katika Ziwa Victoria yupo ningu, ambaye hukulia ziwani na kupanda mito wakati wa mvua ili kutaga. Katika mito inayomwaga maji Bahari ya Hindi, ikiwemo Pangani na Rufiji, yupo mkunga wa maji baridi, samaki mwenye umbo la nyoka. Safari yake ni kinyume cha ile ya samoni: huzaliwa baharini, hupanda mto akiwa mdogo, na hurudi baharini kuzaliana akiwa mzee.

Sehemu kubwa ya Mkoa wa Singida ipo katika Bonde la Kati, ambalo mito yake haifiki baharini. Huishia katika maziwa na mabwawa ya asili ya ndani ya nchi. Mto Wembere, kwa mfano, huingia Ziwa Kitangiri, na maji ya ziwa hilo hutoka kwa Mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi. Hata hivyo, msafiri yupo hapa pia, naye ni kambale. Mvua za kwanza zinapojaza mito na mbuga, kambale huacha vidimbwi alimojihifadhi wakati wa kiangazi na kufuata maji mapya, wakati mwingine akipita juu ya majani yaliyolowa, ili kutaga katika maeneo yaliyofurika. Safari hiyo ni ya siku chache tu. Ikikutana na kizuizi, nafasi ya mwaka huo imepotea.

Bwawa si adui pekee wa samaki hawa. Ningu alikuwa miongoni mwa samaki muhimu zaidi katika mito inayoingia Ziwa Victoria. Idadi yake iliporomoka hasa kwa sababu nyavu zilitegwa kwenye midomo ya mito na kuwanasa samaki wenye mayai wakiwa njiani kwenda kutaga. Njia ya samaki inaweza kufungwa kwa zege, na inaweza kufungwa kwa wavu.

Kwa nini maji ya kunywa yana ugumu wake

Bwawa la umeme likipewa njia ya samaki, swali kubwa huwa ni kiasi cha maji na umeme utakaopungua. Bwawa la maji ya kunywa lina swali la ziada: je, samaki watachafua maji?

Swali hilo si la kupuuzwa. Samaki wachache waliotawanyika katika mto mrefu hawabadilishi ubora wa maji kwa kiasi cha kuleta hofu. Lakini samaki wengi wanaokufa kwa pamoja juu ya chanzo cha maji huongeza virutubisho na mabaki ya viumbe. Virutubisho hivyo huweza kuchochea mwani, na mabaki hayo yakikutana na klorini inayotumika kutibu maji huweza kutengeneza kemikali zisizotakiwa. Mhandisi wa maji anayesita kufungua mto kwa samaki ana sababu za msingi, na jibu lake halina budi kutolewa kwa vipimo.

Mto Cedar: miaka mia moja ya mlango uliofungwa

Mji wa Seattle, uliopo kaskazini magharibi mwa Marekani, ulikabiliana na swali hilo moja kwa moja. Mwaka 1889 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya kati ya mji huo, na maji yaliyokuwa yakitolewa na kampuni binafsi hayakutosha kuuzima. Wananchi walipiga kura mji uwe na mfumo wake wa maji. Chanzo kilichochaguliwa kilikuwa Mto Cedar, na maji yake yaliufikia mji mwaka 1901.

Ili kuchepusha maji hayo, lilijengwa banio mahali paitwapo Landsburg. Halikuwa bwawa refu, lakini lilitosha kumzuia samoni. Kwa takriban miaka mia moja samoni walifika chini ya banio hilo na kuishia hapo, huku zaidi ya kilomita 20 za mto wenye maji safi na baridi zikibaki tupu juu yake.

Katika kipindi hichohicho, mji ulikuwa ukifanya jambo lingine. Ulinunua ardhi ya kidakio, yaani eneo lote ambalo mvua yake huishia katika mto huo, kipande kwa kipande, hadi kumiliki takriban hekta 36,000. Watu hawaruhusiwi kuingia humo kiholela, na uvunaji wa miti kwa biashara ulikomeshwa. Kwa sababu hiyo maji ya Mto Cedar ni safi kiasi kwamba mji hauhitaji mtambo wa kuyachuja, ingawa huyatibu kwa njia nyingine kabla ya kuyasambaza.

Mwaka 2000 Seattle ilianza kutekeleza mpango wa miaka 50 wa kuhifadhi makazi ya viumbe katika kidakio hicho. Mpango huo uliweka kiwango cha maji kinachopaswa kuachwa mtoni kwa ajili ya samaki, na mwaka 2003 njia ya samaki ilikamilika katika banio la Landsburg. Samoni aina ya Chinook na Coho walianza tena kupanda sehemu ya juu ya mto.

Aina ya tatu, Sockeye, hakuruhusiwa kupita. Huyu hufika kwa makundi makubwa sana, na wataalamu walipima kwamba vifo vya samaki wengi kiasi hicho juu ya chanzo vingeweka ubora wa maji hatarini. Banio likawa pia kituo cha uchambuzi: Chinook na Coho hupitishwa, Sockeye hubaki chini, na kituo cha kuangulia vifaranga hutumika kusaidia kizazi chake.

Uamuzi huo ndio kiini cha somo la Mto Cedar. Mji haukuchagua kati ya samaki na maji ya kunywa. Ulipima kila aina ya samaki, idadi yake na athari yake, kisha ukaweka kanuni kwa kila mmoja.

Gharama ya kuchelewa

Si mbali sana na Seattle upo Mto Elwha, ambao ulizuiwa na mabwawa mawili ya umeme, moja la mwaka 1913 na jingine la mwaka 1927. Hakuna kati yake lililojengwa likiwa na njia ya samaki. Kabila la Lower Elwha Klallam, ambalo maisha na mila zake zilitegemea samoni, lilidai kwa miaka mingi mto huo ufunguliwe. Mabwawa hayo yaliondolewa kati ya mwaka 2011 na 2014.

Kazi hiyo haikuanza kwa kubomoa. Mabilioni ya chembe za mchanga na tope yaliyorundikana nyuma ya kuta kwa karibu karne moja yangeshuka na kuchafua maji ya mji wa Port Angeles, unaotegemea bonde hilo. Kwa hiyo mitambo ya kutibu maji ilijengwa kwanza, ndipo kuta zikaondolewa kidogo kidogo. Mradi mzima uligharimu zaidi ya dola za Marekani milioni 300. Mwaka 2023 wanakabila hao waliruhusiwa tena kuvua Coho kwa matumizi yao katika mto huo.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapa. Kwanza, mto hurudi ukipewa nafasi. Pili, kosa la usanifu lililofanyika siku moja linaweza kulipwa na vizazi vitatu.

Nchini Tanzania: sheria imeshaweka msingi

Kwa Tanzania, somo hili linakuja wakati mwafaka kwa kuwa nchi bado inajenga. Mji wa Tanga hupata maji kutoka Bwawa la Mabayani katika Mto Zigi, ambao chanzo chake kipo katika milima ya Usambara Mashariki. Manispaa ya Morogoro hutegemea Bwawa la Mindu katika Mto Ngerengere. Katika Mto Ruvu, Serikali inajenga Bwawa la Kidunda, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190, ili kuwahakikishia maji wakazi wa Dar es Salaam na Pwani hata nyakati za ukame.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 zimeweka utaratibu wa vipaumbele. Kipaumbele cha kwanza ni maji kwa mahitaji ya msingi ya binadamu. Kinachofuata ni maji ya kutunza mazingira, yaani kiasi kinachopaswa kubaki mtoni ili viumbe waendelee kuishi. Matumizi mengine, kama vile kilimo, viwanda na umeme, huja baada ya hayo. Kwa maneno mengine, maji ya samaki si hisani ya mmiliki wa bwawa; ni hitaji linalotambuliwa kisheria.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwa upande wake, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Aidha, mradi mkubwa wa bwawa hupaswa kufanyiwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni katika hatua hiyo. Usimamizi wa maji umegawanywa katika mabonde tisa, na ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Kati ipo Singida mjini, hivyo mwananchi wa Mgori hana haja ya kusafiri kwenda mkoa mwingine kuifikia.

Mgori na ulinzi wa kidakio

Mji wa Seattle ulilinda kidakio chake kwa kukinunua na kuwaweka watu nje. Njia hiyo haiwezekani mahali ambapo wananchi wanaishi, wanalima na kuchunga. Mgori ilionesha njia nyingine.

Msitu wa Mgori, wenye ukubwa wa takriban hekta 40,000, ni mkubwa kidogo kuliko kidakio chote cha Mto Cedar. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kuutenga kuwa hifadhi ya Serikali, jambo ambalo wanavijiji hawakulipokea vizuri kwa sababu waliuona msitu huo kuwa wao. Kufikia mwaka 1995 uamuzi ulibadilika. Vijiji vitano vinavyouzunguka, vikiwemo Ngimu, Pohama na Mughunga, vilikabidhiwa jukumu la kuulinda, kila kijiji kikiwa na eneo lake, kamati yake, walinzi wake na sheria ndogo zilizopitishwa na wanakijiji wenyewe.

Utaratibu huo, pamoja na ule wa Duru-Haitemba katika Wilaya ya Babati, ulikuwa miongoni mwa mifano ya mwanzo ya usimamizi shirikishi wa misitu nchini. Baadaye dhana hiyo iliingizwa katika Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002.

Uhusiano wa msitu na bwawa ni wa moja kwa moja. Mahali palipo na miti na majani, tone la mvua hupunguzwa kasi, maji huingia ardhini na kutoka polepole. Mahali palipo wazi, mvua kubwa ya saa moja huondoka na udongo wa juu na kuumwaga bwawani. Bwawa likijaa tope hupoteza uwezo wake wa kuhifadhi maji, gharama za kutibu maji hupanda, na mayai ya samaki hufunikwa. Mlinzi wa msitu katika kijiji cha juu, kwa hakika, ni mlinzi wa bomba la kijiji cha chini. Mkoani Tanga hilo limetambuliwa, na wakulima wa milimani wameunda umoja wao wa kuhifadhi mazingira ya mito Kihuhwi na Zigi, inayolisha Bwawa la Mabayani.

Ngazi ya samoni haimfai kambale

Ipo tahadhari moja ya kitaalamu. Njia ya samaki haichukuliwi nchi moja na kupachikwa nchi nyingine kama ilivyo. Ngazi za samoni hujengwa kwa vidimbwi vinavyopanda hatua kwa hatua, kwa kuwa samoni ni mwogeleaji hodari anayeweza kuruka. Kambale husafiri karibu na sakafu ya mto na hawezi kuruka kwa namna hiyo. Mkunga mdogo hutambaa juu ya sehemu yenye unyevu na mikwaruzo.

Kwa bwawa dogo la kijiji, suluhisho linaweza kuwa rahisi zaidi: mfereji wa kando wenye mteremko mdogo, uliotandikwa mawe, unaopitisha maji wakati wa mvua kutoka juu ya tuta hadi chini yake. Utoro wa maji, yaani njia ya kupitishia maji ya ziada, ukijengwa kwa mteremko wa mawe badala ya ukuta wima, huweza kumpa kambale nafasi ya kupanda. Mambo hayo huamuliwa mezani kwa mhandisi, kabla ya mchanga na saruji kufika.

Nini mwananchi aulize na afanye

Mradi wa bwawa unapojadiliwa katika mkutano wa kijiji, yapo maswali matano ambayo kila mwananchi ana haki ya kuyauliza. Mto huu una samaki gani, na hupanda miezi ipi? Ni kiasi gani cha maji kitaachwa kiendelee kushuka kwa ajili ya mazingira na majirani wa chini? Utoro wa maji utajengwaje, na samaki wataweza kupita? Nani atalinda kidakio na mita 60 za ukingo? Na nani atapima ubora wa maji baada ya mradi kukamilika?

Wazee na wavuvi wana nafasi ya pekee katika swali la kwanza. Mtaalamu anayefika mwezi Agosti hukuta mchanga mkavu na anaweza kuandika kwamba mto hauna samaki. Anayejua kambale hupita lini na wapi ni yule aliyekulia kando ya mto huo. Maarifa hayo yakitolewa mapema huingia katika usanifu. Yakitolewa baadaye hubaki kuwa malalamiko.

Vilevile, wananchi wanakumbushwa kutotega nyavu kwa kuziba mto mzima wakati samaki wanapopanda, na kutotumia sumu katika uvuvi. Uvuvi wa sumu ni kosa kisheria, na katika chanzo cha maji ya kunywa unahatarisha maisha ya watu. Samaki wengi wakionekana wamekufa ghafla bwawani, watu waache kuyatumia maji hayo na taarifa itolewe mara moja kwa uongozi wa kijiji, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) au Bodi ya Maji Bonde la Kati.

Seattle ilihitaji karne moja kufungua mlango ilioufunga mwaka 1901. Mabwawa mengi ya kanda ya kati bado hayajajengwa, na mengine yapo katika hatua za mwanzo. Kwa mito hiyo, mlango unaweza kuachwa wazi tangu mwanzo, kwa gharama ndogo, endapo wananchi na wataalamu watakaa pamoja kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.